Samaki Mdogo wa Lukeino na Hoja Iliyo Ndani ya Jina Lake

Nunua omena kidogo sokoni Ngoliba, na kabla hawajaingia kwenye sufuria chagua watatu au wanne walionyooka, wasiovunjika mkia. Waloweke katika maji ya uvuguvugu hadi nyama ilegee. Tafuta wembe, sindano na kioo cha kukuzia, hivyo vinatosha. Tunakwenda kumsoma samaki aliyekufa Baringo karibu miaka milioni 6 iliyopita, ambaye leo ni mifupa mitupu juu ya bamba la jiwe. Samaki wa jiwe haeleweki ila kwa kupitia mifupa ya samaki tunayemla.

Anza na mapezi. Tandaza pezi la mgongoni kwa ncha ya sindano, kisha uliinue kuelekea mwangani. Utaona miale myembamba iliyoshikana kwa utando. Kaza jicho kwenye mwale mmoja: si kipande kimoja, ni mfuatano wa vipande vifupi vilivyoungana ncha kwa ncha, na karibu na ukingo wa pezi mwale wenyewe unagawanyika. Huo ni mwale laini. Sasa mkumbuke tilapia, anavyochoma kiganja ukimpara magamba. Sehemu ya mbele ya pezi lake la mgongoni ina miiba, na kila mwiba ni mfupa mmoja mzima, mgumu, usio na viungo. Omena hana miiba ya namna hiyo. Tazama pia mahali pezi lilipoota. Kwa omena, pezi la mgongoni limerudi nyuma sana, limekaa juu ya lile pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Liandike hilo. Mahali pezi linapoanzia ni sifa, idadi ya miale yake ni sifa, na zote mbili hubaki hata nyama ikioza.

Geukia mkia. Kwa nje una panda, ncha mbili zinazolingana juu na chini. Chuna ngozi taratibu ufuate uti wa mgongo hadi pingili ya mwisho, na utakuta jambo ambalo umbo la nje limelificha: uti haukomi katikati ya mkia. Ncha yake inapinda kwenda juu, na chini ya pindo hilo kuna vibamba vya mfupa vilivyopangwa kwa safu. Vibamba hivyo ndivyo vinavyobeba miale ya mkia. Kwa macho ya mlaji mkia unalingana pande zote mbili. Kwa mifupa haulingani.

Jambo la mwisho liko nyuma ya kichwa, nalo linahitaji subira. Pingili nne za kwanza za omena si pingili za kawaida. Zimebadilika umbo, na pembeni mwake kuna vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, vikibeba mtetemo wa sauti kutoka tumboni hadi kichwani. Mwanaanatomia Mjerumani, Ernst Heinrich Weber, alivieleza mwaka 1820, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Ukishindwa kuviona kwa omena, jaribu kwa kambare. Huyo ana mwili mkubwa, na pingili zake za mbele zimeungana kuwa pande moja lisiloweza kukupita.

Hapo ndipo somo linapoanza. Mwite mtu yeyote aliyezoea kuvua katika Mto Athi, kuanzia Ngoliba hadi kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, umwombe apange samaki watatu kwa ukoo: omena, tilapia na kambare. Wengi watamweka kambare peke yake. Hana magamba, ana sharubu, kichwa chake bapa ni kigumu, na anaweza kutambaa juu ya tope. Omena na tilapia wote wana magamba, basi wataonekana ndugu. Lakini vifupa vya Weber vinasema vingine. Omena na kambare wanavyo, tilapia hana. Chombo tata kama hicho, chenye vifupa kadhaa vilivyokaa mahali palepale na kufanya kazi ileile, si rahisi kizuke mara mbili kwa bahati. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba wawili hao wamekirithi kutoka kwa babu mmoja ambaye hakuwa babu wa tilapia. Magamba, kwa upande wao, hayathibitishi chochote hapa. Samaki wa zamani sana walikuwa na magamba, kwa hiyo omena na tilapia wamebaki tu na kile ambacho wengi walikuwa nacho, ilhali kambare amekipoteza.

Hii ndiyo kanuni ya kuainisha viumbe, na naomba msomaji asiipite haraka. Undugu hauthibitishwi na kila kufanana. Huthibitishwa na sifa mpya, iliyozuka katika tawi moja la ukoo, ikarithiwa na watoto wa tawi hilo pekee. Kufanana kwa kubakia na mambo ya kale hakusemi kitu. Kufanana kwa kukosa kitu kunasema kidogo mno, kwa sababu kitu chaweza kupotea mara nyingi katika matawi yasiyohusiana. Nao udogo wa mwili ndio ushahidi dhaifu kuliko wote.

Chukua kilifishi, oda moja (kundi kubwa la koo) ya samaki, ambao ndio watakaotupeleka Baringo. Ni samaki wadogo, wengi wao wa sentimita chache, wanaoishi kwenye vidimbwi, vijito na mabwawa ya nchi za joto. Gapi, yule samaki wa rangi anayefugwa kwenye matangi ya kioo, ni wa oda hii. Kwa kawaida hawana miiba kwenye mapezi, miale yao ni laini kama ya omena. Ukiwaweka kilifishi, omena na tilapia mezani, utasema kilifishi na omena ni wa nyumba moja. Sivyo. Kilifishi hawana vifupa vya Weber, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa tangu miaka ya 2010 umewaweka katika tawi kubwa moja na tilapia. Mababu wa kilifishi walikuwa na miiba, nao wakaipoteza. Jamaa wao wa karibu hapo mezani ni yule anayekuchoma kiganja.

Sasa twende kwenye Bonde la Ufa. Magharibi ya Ziwa Baringo, Milima ya Tugen imebeba tabaka za miamba zilizojengwa kwa mamilioni ya miaka: lava, majivu, matope ya ziwa, kisha lava tena. Mojawapo ya tabaka hizo inaitwa Lukeino. Wengi wanaijua kwa sababu ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu aliyepatikana mwaka 2000 na kikundi cha Brigitte Senut na Martin Pickford. Lakini Lukeino ilikuwa nchi yenye maji pia, na katika maji hayo waliishi samaki wadogo sana.

Samaki akifa katika maji ya joto, kwa kawaida habaki mzima. Bakteria huzalisha gesi tumboni, mzoga huelea, kichwa hudondoka, mbavu hutawanyika, na wanaokula mizoga humaliza kazi. Ili mifupa ibaki kila mmoja mahali pake, mzoga lazima uzame na kutulia chini penye oksijeni haba, pasipo na mkondo wa kuuburuta, kisha ufunikwe mapema. Kinachoufunika nacho kina maana kubwa. Mwale wa pezi la samaki mdogo ni mwembamba kuliko chembe ya mchanga, kwa hiyo mchanga hauwezi kuhifadhi umbo lake. Tope laini na majivu ya volkeno yanaweza. Aliyejenga nyumba upande huu wa Thika analijua jiwe la Ndarugu. Hilo nalo ni majivu ya volkeno yaliyogandamana, na ukilivunja utaona jinsi chembe zake nyingine zilivyo ndogo. Majivu yakishuka juu ya maji yaliyotulia huzama polepole na kulala kwa tabaka nyembamba. Uzito wa tabaka zinazofuata humbana samaki hadi awe bapa kama karatasi. Nyama huisha. Mifupa, ambayo tangu mwanzo ni madini ya fosfeti ya kalsiamu, hubaki. Miaka mingi baadaye bamba likipasuliwa kwa kufuata tabaka, mara nyingi samaki hugawanyika pande mbili, upande mmoja una mifupa na mwingine una alama yake. Mtafiti makini hutunza pande zote mbili pamoja.

Umri tunaujuaje? Si kwa kumtazama samaki. Umri unatoka kwenye lava na majivu. Miamba hii ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani ni ile ya namba 40, ambayo huoza yenyewe. Nusu ya atomi zake huoza kila baada ya miaka bilioni 1.25, na karibu atomi moja kati ya kumi zinazooza hugeuka kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa bado kimiminika gesi hiyo hutoroka. Ikiganda, inanaswa ndani ya fuwele. Piga hesabu ya miaka milioni 6. Kati ya atomi 10,000 za potasiamu 40 zilizokuwepo lava ilipoganda, zimeoza kama 33, na kati ya hizo ni 3 au 4 tu zilizogeuka agoni. Ni kiasi kidogo mno, lakini kinapimika. Lukeino imebanwa kati ya lava mbili zenye majina katika ramani za wanajiolojia, trakaiti ya Kabarnet chini na basalti ya Kaparaina juu, na vipimo vimeiweka kati ya miaka milioni 6.1 na 5.7. Samaki aliyelala katikati hawezi kuwa mkubwa kuliko sakafu yake wala mdogo kuliko dari yake.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ludwig-Maximilians cha Munich, Melanie Altner na Bettina Reichenbacher, walichapisha maelezo ya samaki hawa wa Lukeino katika jarida la PLoS ONE. Walikuwa na vielelezo 169, vingi vikiwa vimehifadhiwa vizuri mno. Wakaongeza spishi kumi za kilifishi walio hai ili wapate cha kulinganisha. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani spishi mpya huzaliwa siku mtu anapookota kitu cha ajabu. Kuokota ni mwanzo tu. Spishi huzaliwa mezani, kwa rula na kalamu.

Kazi ya kwanza ni kupima. Urefu wa samaki katika sayansi kwa kawaida huanzia ncha ya pua na kuishia pale mifupa inapobeba mkia. Miale ya mkia yenyewe haihesabiwi kwa sababu huvunjika ovyo. Kisha hupimwa kichwa, kimo cha mwili, umbali kutoka pua hadi pezi la mgongoni, umbali hadi mapezi ya kiuno, urefu wa shina la mkia. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa asilimia ya urefu wa mwili, maana samaki mchanga na mzazi wake hawalingani kwa milimita. Hata asilimia zina hila zake. Macho ya samaki mchanga ni makubwa kwa uwiano kuliko ya mkubwa, na bamba lililobanwa hupanua mwili kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana kielelezo kimoja kikitofautiana na mwenzake kwa kimo cha mwili peke yake, mtu mwangalifu hafurahi upesi.

Kazi ya pili ni kuhesabu: pingili za tumbo na pingili za mkia, mbavu, miale ya kila pezi. Hesabu zina faida ambayo vipimo havina. Jiwe laweza kutanua samaki, lakini haliwezi kumwongezea pingili. Idadi ya pingili hupangwa samaki angali kiinitete, na haiongezeki anapokua. Kwa samaki wa kisukuku, hesabu safi ya pingili ina thamani kuliko picha nzuri.

Kazi ya tatu ndiyo inayoamua ukoo, nayo ni kusoma umbo la mfupa mmojammoja. Rudi kwenye mkia wa omena, ule ambao ndani yake uti unapinda juu. Kwa kilifishi hali ni nyingine. Mifupa ya mkia wao hulingana juu na chini kwa ndani pia. Mfupa mwembamba ulio juu ya ncha ya uti una mwenzake chini wa umbo linalokaribiana, na vibamba vya kati mara nyingi huungana kuwa bapa moja pana. Mkia wa nje huwa wa duara au wa kukatika wima, hauna panda. Alama nyingine iko mbavuni: kwa kilifishi ubavu wa kwanza huanzia kwenye pingili ya pili, si ya tatu kama ilivyo kwa jamaa zao. Mwaka 1981 Lynne Parenti, wa Marekani, alikusanya alama hizi na nyingine nyingi katika kitabu kikubwa cha ukoo wa samaki hawa, na hadi leo kila anayeandika juu yao huanzia hapo. Kisukuku chenye mkia wa ndani unaolingana na ubavu kwenye pingili ya pili kimekwisha kujieleza ni cha oda gani.

Chini ya oda kuna makundi mawili makubwa. La kwanza lina gapi na wengine wengi. Kilifishi mmoja mdogo wa kundi hilo, Aplocheilichthys antinorii, alikuwa samaki wa asili wa Naivasha, na hajaandikwa tena ziwani humo tangu 1962. La pili linaitwa Aplocheiloidei, na ndilo lenye Nothobranchius, wale samaki wa rangi kali wanaojitokeza kwenye vidimbwi vya mvua huko pwani ya Kenya na Unguja. Maisha ya hawa yanastaajabisha. Kidimbwi kikikauka wote hufa, lakini mayai yao husubiri ndani ya tope hadi mvua nyingine. Nothobranchius furzeri wa Msumbiji na Zimbabwe anaweza kukomaa na kuzaa wiki mbili tu baada ya kuanguliwa.

Je, tunamtambuaje samaki wa kundi hili la pili? Parenti alitaja alama kadhaa: ngozi ya ukingo wa jicho iliyoshikamana na kichwa, matundu ya pua ya mbele yenye umbo la mrija, mfupa mwembamba uliojipinda mbele ya jicho, mifupa ya mapezi ya kiuno iliyokaribiana. Sasa fikiri kama mtu mwenye bamba la jiwe mkononi. Ngozi ya jicho imeoza. Mrija wa pua umeoza. Umebakiwa na mfupa wa mbele ya jicho na mifupa ya kiuno, ikiwa nayo haikupondeka. Orodha ya alama ambayo kwa samaki hai ni ndefu, kwa kisukuku hupungua hadi chache, na kila hoja lazima isimame juu ya hizo chache. Altner na Reichenbacher walipima mifupa iliyobaki, wakaonyesha kwamba samaki wa Lukeino ni wa Aplocheiloidei. Visukuku vya kilifishi vilivyokuwa vikijulikana hadi wakati huo vyote vilikuwa vya lile kundi la kwanza. Huyu alikuwa wa kwanza wa kundi la pili kupatikana mwambani, popote duniani.

Hapa kuna mtego ambao ningependa wanafunzi wetu waujue. Akiwa jamaa wa Nothobranchius, inatamanisha kusema kwamba samaki wa Lukeino naye aliishi kwenye vidimbwi vya msimu na kuzika mayai yake kwenye tope. Mifupa haisemi hivyo. Miongoni mwa Aplocheiloidei walio hai wako wanaoishi katika vijito visivyokauka mwaka mzima, na tabia ya mayai haiachi alama kwenye pingili. Kinachothibitishwa ni ukoo. Tabia inabaki nje mpaka mwamba utoe ushahidi wake.

Wakati wa kuhesabu, tatizo lingine lilijitokeza, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Vielelezo 169 havikufanana. Baadhi ya sifa zilikuwa na sura zaidi ya moja ndani ya kundi lilelile. Mtu mwenye vielelezo vitatu tu, kila kimoja na sura yake, angeweza kwa nia njema kabisa kuandika spishi tatu. Mwenye 169 huona kitu kingine: ukichora hesabu za miale na pingili, makundi hayaachani. Yanaingiliana kwa upana mkubwa. Samaki mwenye sura ya kwanza ya sifa moja ana hesabu za yule mwenye sura ya pili, na hakuna mpaka unaoshika sifa zote kwa pamoja. Waandishi wakaamua kuwa ni spishi moja yenye tofauti nyingi ndani yake, wakapendekeza kwamba huenda tunaliona kundi la spishi likiwa ndio kwanza linaanza kuzaliwa, kabla matawi yake hayajaachana.

Naona uamuzi huo ni wa busara, na sababu yake inafaa kusemwa. Spishi ya samaki hai twaweza kuijaribu: tutazame nani anazaa na nani, tusome vinasaba. Kwa kisukuku hakuna jaribio hilo. Tuna umbo tu, na umbo hutofautiana kwa umri, kwa jinsia, kwa chakula, hata kwa joto la maji ambamo yai lilianguliwa. Kabla ya kusema tofauti hii ni ya spishi, lazima uonyeshe kwamba inazidi tofauti zinazopatikana ndani ya spishi moja iliyo hai. Ndiyo kazi ya zile spishi kumi za kulinganisha. Nazo zilileta jambo ambalo halikutarajiwa: baadhi ya alama za miiba ya pingili za mkia, ambazo vitabu vilikuwa vikizitumia kutenganisha makundi mawili ya kilifishi, hazikusimama zilipopimwa. Samaki aliyekufa zamani akalazimisha marekebisho kwenye maelezo ya samaki wanaoogelea leo.

Jina likatolewa: Kenyaichthys kipkechi. Sehemu ya kwanza ni ya jenasi, ya pili ni ya spishi, kwa mtindo ambao wanazuolojia huuhesabu kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758. Mbele ya jina huwekwa alama ndogo ya msalaba, ishara kwamba kiumbe ametoweka. Kuna sheria za kimataifa za kazi hii. Jina lazima lichapishwe pamoja na maelezo ya kumtofautisha mwenye jina na wengine, na tangu 2012 jarida la mtandaoni linakubalika mradi chapisho lenyewe lisajiliwe. Lazima pia kiteuliwe kielelezo, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, na itajwe hifadhi kinakowekwa. Holotaipu haichaguliwi kwa kuwa ni samaki wa wastani au mzuri kuliko wengine. Kazi yake ni kushikilia jina. Siku mtafiti mwingine akisema vielelezo 169 vilikuwa spishi mbili, jina kipkechi litabaki na spishi ile yenye holotaipu, na ile nyingine itatafutiwa jina lake. Kwa sababu hiyo jiwe hilo lazima litunzwe na liweze kuombwa na kuchunguzwa na yeyote mwenye shaka. Kisukuku kilichofungiwa kabatini kwa mtu binafsi hakina uwezo huo, hata kiwe kizuri namna gani.

Spishi na jenasi hazikutosha. Samaki huyu hakuingia katika familia yoyote ya walio hai, ikabidi atengenezewe familia yake, Kenyaichthyidae. Na hapo ndipo penye fumbo ambalo halijafunguka. Familia za Aplocheiloidei kwa kawaida zinahesabiwa tatu: Nothobranchiidae ni wa Afrika, Aplocheilidae ni wa Asia, Madagaska na Shelisheli, na Rivulidae ni wa Amerika peke yake. Watafiti waliingiza sifa za mifupa kwenye programu ya kompyuta iitwayo PAUP, ambayo hutafuta mti wa ukoo unaohitaji mabadiliko machache zaidi ya sifa. Mtu angetarajia samaki wa Baringo akae karibu na wale wa Afrika. Programu ikamweka kando ya Rivulidae, wale wa ng'ambo ya Atlantiki.

Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana karibu miaka milioni 100 iliyopita. Samaki wa Lukeino ana miaka milioni 6. Kama undugu huo ni wa kweli, basi tawi lake lilikaa Afrika muda mrefu mno bila kujulikana kabla ya kuacha mifupa Tugen, kisha likatoweka. Haliwezekani? Linawezekana. Lakini waandishi wenyewe walitoa maelezo mepesi zaidi: alama za mifupa zinazotenganisha familia hizo tatu ni chache mno. Zile zinazojulikana zaidi ziko kwenye nyama, ngozi na vinasaba, vitu ambavyo mwamba haukuvihifadhi. Programu hupanga kwa kile inachopewa, na ikipewa alama chache, sifa moja iliyozuka mara mbili kwa bahati inatosha kumhamisha samaki kutoka bara hadi bara.

Ukitaka kulimaliza suala hili, huna haja ya kungoja kisukuku kingine. Sehemu ya kazi iko kwa samaki walio hai: kuchunguza mifupa ya Nothobranchius wa pwani, ya wale wa Madagaska na ya wale wa Amerika, mfupa kwa mfupa, hadi zipatikane alama zinazoitenga kila familia na ambazo pia zinaweza kubaki kwenye jiwe. Zikipatikana, mtu atarudi kwenye vile vielelezo 169 na kuzitafuta. Kama ziko za Rivulidae, historia ya samaki wa Afrika itabidi iandikwe upya. Kama ziko za Nothobranchiidae, familia Kenyaichthyidae yaweza kufutwa na samaki wake kurudishwa kwa jamaa zake wa Afrika, akiwa bado na jina lake lilelile la kipkechi na holotaipu yake ileile.